Bweni tulijenge bondeni au mteremkoni? Udongo wa mahali na mtikisiko wa tetemeko la ardhi

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Tunataka kujenga bweni la wasichana, la matofali, lisilo na ghorofa. Tuna viwanja viwili. Kimoja kiko chini karibu na mto, tambarare, rahisi kuchimba. Cha pili kiko juu mteremkoni, penye mawe makubwa, na kitatugharimu zaidi. Mhandisi mmoja aliyetutembelea alisema tuchukue cha chini kwa kuwa udongo laini humeza mtikisiko kama godoro. Fundi wetu mzee, ambaye alilishuhudia tetemeko la 1994, anasema nyumba za bondeni ndizo alizoona zikianguka. Tumfuate nani? Tena binti yangu amepanga chumba katika jengo la ghorofa nne huko Bwaise, Kampala. Naye yuko hatarini, au matetemeko ni mambo yetu sisi watu wa magharibi tu?"

Jibu:

Mwalimu, shikamoo. Kati ya wawili hao, fundi wenu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa hata yeye hana ukweli wote, na nitaeleza kwa nini. Mhandisi naye hakuzua kitu kutoka hewani. Amechukua jambo ambalo ni kweli katika hali fulani akalifanya kanuni ya kila mahali. Ukweli ni kwamba udongo haumezi tetemeko wala hauliruhusu lipite vilevile lilivyokuja. Huligeuza. Baadhi ya mitetemo huikuza, baadhi huipunguza, na swali la msingi kwa kamati yenu ni kujua udongo wa kila kiwanja hukuza mitetemo ya namna gani, kisha kuuliza kama bweni lenu ni la namna hiyohiyo.

Tuanze na jambo jepesi. Mawimbi ya tetemeko hupita kwa kasi katika mwamba mgumu na kwa kujikokota katika udongo laini. Katika mwamba mzuri mawimbi yale ya kutikisa kwa ubavu, ambayo ndiyo yanayobomoa nyumba, yanaweza kwenda mita 1,600 kwa sekunde. Katika udongo wa kando ya mto yanaweza kushuka hadi mita 200 kwa sekunde au chini ya hapo. Wimbi linapopunguza mwendo, nguvu iliyokuwa ndani yake haipotei, bali hujidhihirisha kwa kuongeza ukubwa wa mtikisiko, sawa na mto unavyofurika pale maji yanapokosa kasi ya kuondoka. Tukiweka kando tofauti ya uzito wa mwamba na udongo, kushuka kwa kasi mara nane hukuza mtikisiko karibu mara tatu, kwa sababu ukuzaji huo hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa kasi. Huo ni mwanzo tu, nao peke yake unatosha kumjibu mtu wa godoro.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi. Wewe umefundisha watoto waliokwenda kisimani, kwa hiyo unajua kwamba anayebeba beseni la maji kichwani lisilojaa hafiki nyumbani na maji yote akitembea kwa mwendo fulani. Akienda taratibu sana maji hutulia, akienda mbiombio maji hucheza kidogo tu, lakini ipo hatua moja ambayo ikilingana na mdundo wa maji yenyewe, kila hatua huyaongezea maji mwendo hadi yakamwagika. Tabaka la udongo laini lililolala juu ya mwamba lina mdundo wake kama maji yale, na nyumba nayo ina mdundo wake. Mdundo wa udongo hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba angeiweza: chukua kina cha udongo hadi kwenye mwamba, zidisha kwa 4, gawanya kwa kasi ya mawimbi ndani ya udongo huo. Jibu ni sekunde ambazo udongo hutumia kwenda na kurudi mara moja. Nyumba, kwa makadirio ya haraka ya wahandisi, huhesabiwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila sakafu: nyumba ya chini hutumia sekunde 0.1 hadi 0.2, jengo la sakafu nane hutumia karibu sekunde 0.8.

Sasa tazama kinachotokea. Udongo wenye kina cha mita 8 na kasi ya mita 200 kwa sekunde unatupa 32 gawanya kwa 200, yaani sekunde 0.16. Huo ni mdundo wa bweni lenu hasa. Udongo wa kina cha mita 60 wenye kasi ya mita 300 unatupa sekunde 0.8, ambao ni mdundo wa jengo refu la mjini. Bweni lenu likisimama hapo halitasombwa na mdundo huo. Kwa hiyo wanaodhani kwamba udongo mwingi ni hatari na udongo kidogo ni nafuu, kwa nyumba za chini wamekosea: mita chache za udongo laini juu ya mwamba ndizo zinazotetema kwa mdundo wa darasa, zahanati na nyumba ya kuishi. Katika miaka yangu ya kazi sijaona jambo linalowashangaza wajumbe wa kamati za ujenzi kama hili.

Mifano ya duniani inaonyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lenye ukubwa wa 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Meksiko, takriban kilomita 350 kutoka mji mkuu. Miji iliyokuwa karibu zaidi nalo haikupata maafa kama yaliyoupata mji mkuu huo, ambao sehemu yake kubwa imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Tope lile lilitetema kwa mdundo wa sekunde 2 hivi, na majengo ya kati ya ghorofa sita na kumi na tano ndiyo yaliyoumia zaidi, huku nyumba nyingi fupi zilizokuwa katikati yake zikibaki zimesimama. Miaka minne baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilitikisa eneo la San Francisco huko Marekani. Barabara ya juu kwa juu iliyoitwa Cypress, katika mji wa Oakland, ilianguka kwenye sehemu iliyosimama juu ya tope la ghuba na kuua watu 42, ilhali sehemu ya barabara hiyohiyo iliyosimama juu ya ardhi ngumu zaidi ilibaki wima. Barabara ilikuwa moja na tetemeko lilikuwa moja, ila ardhi haikuwa moja.

Kwetu chanzo cha matetemeko hakiko mbali na mlango. Kasese iko katika Bonde la Ufa la magharibi, chini ya milima ya Rwenzori, mojawapo ya sehemu zenye matetemeko mengi kuliko zote katika Afrika Mashariki. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966, lililokuwa na ukubwa wa takriban 6.8, liliua watu zaidi ya 150, na lile ambalo fundi wenu analikumbuka, la tarehe 5 Februari 1994, lilikuwa na ukubwa wa 6.2. Ukaribu huu unaongeza uzito wa nilichosema kuhusu udongo wa kina kifupi. Mitetemo ya harakaharaka hufa njiani inapokwenda mbali. Ile ya polepole ndiyo inayofika mbali. Anayeishi juu ya chanzo hupokea yote, ya haraka na ya polepole, na ya haraka ndiyo inayozichezesha nyumba fupi.

Nirudi kwa mhandisi wa godoro, nisije nikamdhulumu. Udongo laini ukitikiswa kwa nguvu nyingi sana hulegea, na ukilegea hupoteza sehemu ya mitetemo ya haraka kwa kujisugua wenyewe. Yapo matetemeko makali ambamo mitetemo ya haraka ilikuwa midogo kwenye udongo laini kuliko kwenye mwamba uliokuwa jirani. Lakini huo ni msaada hafifu. Udongo uliolegea namna hiyo unahama, unapasuka, unazama upande mmoja, na mdundo wake unarefuka ukaanza kuyatafuta majengo mengine. Isitoshe, matetemeko madogo na ya wastani, ambayo ndiyo mengi, hayafikii nguvu ya kuulegeza udongo, hukuzwa tu.

Kando ya mto kuna ubaya mwingine ambao hauhusiani na midundo. Mchanga mwembamba au tope la mchanga lililoshiba maji, likitikiswa kwa sekunde kadhaa, hugeuka uji: punje zinaachana, maji yanabeba mzigo wote, na nyumba iliyokuwa imesimama juu yake inazama au inalala. Christchurch huko New Zealand ilipata hasara kubwa ya namna hii mwaka 2011. Ninyi mnaweza kujipima wenyewe kabla ya kumlipa mtu yeyote. Chimbeni shimo la mita 3 katika kiwanja cha chini. Chukua udongo wa chini kabisa kiasi cha yai, uloweshe hadi uwe kama ugali mlaini, uweke kwenye kiganja, kisha gonga mkono huo kwa mkono mwingine mara kadhaa. Maji yakijitokeza juu na udongo ukang'aa kama umepakwa mafuta, na ukiufinya kwa vidole mng'ao ukatoweka na udongo ukakauka na kukakamaa, basi mnao mchanga mwembamba au tope la mchanga. Udongo wa mfinyanzi hauwezi kufanya hivyo. Hubaki ulivyo hata ukigongwa asubuhi hadi jioni. Kama udongo umeng'aa hivyo kiganjani na maji yameonekana shimoni kabla ya mita 3, kiwanja hicho msikijengee watoto kabla hakijachunguzwa na mtaalamu mwenye vifaa vya kutoboa.

Mpaka hapa utadhani nimeshachagua kiwanja cha juu. Bado. Mawe makubwa mliyoyaona si lazima yawe mwamba. Mji wa Kasese na sehemu kubwa ya vitongoji vyake vimekaa juu ya mrundikano wa mawe, changarawe na mchanga ulioshushwa na mito kutoka mlimani. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013 yalitukumbusha kwamba kazi hiyo mto haujaimaliza. Jiwe lenye ukubwa wa gari linaweza kuwa limeelea juu ya udongo kama embe juu ya uji. Fundi akigonga mtaimbo juu yake husikia mlio wa mwamba na kuridhika, wakati mita 2 chini yake hakuna mwamba wowote. Chimbeni pembeni ya jiwe, si juu yake, mwone kama linaendelea kwenda chini au lina kitako. Vilevile miteremko mikali na migongo ya vilima hukuza mtikisiko kwa namna yake, na matetemeko ya eneo la Rwenzori yamewahi kuangusha maporomoko ya udongo na mawe. Simama kwenye kiwanja cha juu, geuka utazame mlimani, ujiulize ni jiwe gani juu yako litakaloachia kwanza. Kama jibu liko wazi, tafuteni kipande kingine cha mteremko huohuo, penye mwinamo mdogo, mbali na ukingo.

Baada ya shimo, hatua ya bei nafuu inayosahaulika ni kuwauliza waliochimba visima virefu jirani. Mchimbaji wa kisima huandika kila mita alikutana na nini, na kina alichokuta mwamba ndicho kile tunachokihitaji katika hesabu yetu. Karatasi hiyo mara nyingi imelala kwenye kabati la parokia au la ofisi ya maji ya wilaya, na hakuna anayeiomba.

Vipimo vyenyewe viko viwili ambavyo ningependa mvifahamu kwa majina ya kazi yake. Cha kwanza ni cha nyundo. Vinapangwa vipokezi 24 vidogo kwa mstari mmoja ardhini, mtu anapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa, na kutokana na jinsi mawimbi ya juu ya ardhi yanavyosambaa tunakokotoa kasi ya mawimbi katika kila tabaka. Kazi ya nusu siku kwa kiwanja. Cha pili ni cha kusikiliza. Seismomita moja, yaani chombo cha kurekodi mitikisiko ya ardhi, yenye kupima pande tatu huwekwa ardhini kwa nusu saa au zaidi, bila nyundo, ikirekodi minong'ono ya dunia inayotokana na upepo, magari na mawimbi ya maziwa. Tunagawanya mtikisiko wa ubavu kwa mtikisiko wa wima, na mahali panapojitokeza kilele kwenye mchoro wa jibu ndipo penye mdundo wa udongo. Njia hii ilienezwa na Mjapani Yutaka Nakamura kuanzia mwaka 1989, na ni nafuu mno, lakini ina mipaka: inaeleza vizuri mdundo ni upi, haielezi kwa uhakika mtikisiko utakuzwa mara ngapi. Mtu akiwaletea ripoti inayosema kilele kina urefu wa 5 kwa hiyo nyumba zitatikisika mara 5, mrudishieni.

Nami nimewahi kuaibika kwa njia hiyo. Katika miaka yangu ya mwanzo nilipima uwanja wa shule moja nikapata kilele chembamba kizuri, nikaandika nusu nzima ya ripoti usiku uleule. Asubuhi mwenyeji wangu akanichukua kununua unga, na kumbe nyuma ya ukuta wa shule palikuwa na mashine ya kusaga. Nilichokuwa nimekipima ni injini yake. Kilele cha udongo huwa na mabega mapana. Cha mashine huwa chembamba kama sindano na huonekana katika pande zote tatu kwa pamoja. Tangu siku hiyo huzunguka eneo lote kwa miguu kabla ya kuwasha chombo.

Mtakapopata ripoti, mtaona namba moja imekolezwa wino: kasi ya wastani ya mawimbi katika mita 30 za juu. Kanuni za ujenzi za nchi nyingi huitumia kugawa ardhi katika madaraja. Zile za Ulaya, kwa mfano, huiweka ardhi ya kati ya mita 360 na 800 kwa sekunde katika daraja la pili kwa uzuri. Namba hiyo ni ya msaada, lakini msiiabudu. Chukua kiwanja chenye mita 6 za udongo wa kasi ya mita 150, kisha mita 24 za ardhi ngumu ya kasi ya mita 600. Wimbi linatumia sekunde 0.04 katika udongo na sekunde 0.04 katika ardhi ngumu, jumla 0.08, mita 30 gawanya kwa 0.08 ni mita 375 kwa sekunde. Karatasi inasema ardhi nzuri. Sasa fanya hesabu yetu ya mwanzo: mita 6 mara 4 ni 24, gawanya kwa 150, unapata sekunde 0.16. Mdundo wa bweni, tena ndani ya daraja zuri. Kwa hiyo dai kasi ya kila tabaka na kina chake, si wastani peke yake.

Kuhusu binti yako. Kampala iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Rwenzori, na hatari yake ni ndogo kuliko yenu, lakini si sifuri: tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 huko Kagera, Tanzania, lenye ukubwa wa 5.9, lilisikika Kampala. Mji ule umegawanyika kiasili. Juu ya vilima kuna ganda gumu la moramu, na mabondeni kuna udongo wa kinamasi, mfinyanzi na mizizi ya mafunjo iliyooza, ambao sehemu nyingi umefukiwa kwa kifusi na kujengewa. Bwaise ni mojawapo ya sehemu hizo. Sitakuambia kwamba Bwaise ni ziwa la Meksiko. Unene wa udongo hauko karibu na ule. Lakini tukichukua mita 15 za udongo wa kinamasi wenye kasi ya mita 100, mdundo ni sekunde 0.6, ambao uko jirani na jengo la sakafu tano au sita, na mitetemo ya polepole kutoka mbali ndiyo inayofika hapo. Mwambie atazame chini ya jengo: kama ghorofa ya chini ni maduka yenye milango mipana na nguzo nyembamba, bila kuta, au nguzo zimeanza kuzama upande mmoja kwa sababu ya maji, ningependelea ahame hata kama hakuna tetemeko. Na vilimani nako watu wasijidanganye kwa ugumu wa moramu, kwa maana ganda lile linaweza kuwa na unene wa mita chache tu na chini yake udongo laini wa mwamba uliooza. Sululu itakuambia pagumu, nyundo na vipokezi vitakuambia vingine.

Hukumu yangu kwenu ni hii. Kiwanja cha juu, kama kina mwamba wa kweli au changarawe iliyoshikamana na hakina jiwe linalowatazama kutoka juu, ndicho cha kuchukua, na gharama ya ziada ya kuchimba msingi ni ndogo kuliko gharama ya kuimarisha ardhi ya bondeni. Kama hakina sifa hizo, cha chini bado kinaweza kufaa iwapo shimo halikuonyesha mchanga wa kung'aa na mdundo wake ukawa mbali na sekunde 0.1 hadi 0.2. Mafuriko ni hesabu nyingine, nayo myafanyie kazi. Popote mtakapojenga, kuta za matofali zifungwe kwa mikanda ya zege yenye nondo kwenye msingi, usawa wa linta (juu ya milango na madirisha) na juu chini ya paa, pembe zifungwe kwa nguzo, na mchoro upitishwe na mhandisi aliyesajiliwa kwa kufuata kiwango cha taifa cha kuhimili matetemeko. Mikanda hiyo haiulizi udongo ni wa namna gani.

Shimo la kiwanja cha chini lichimbwe mwezi wa Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, maji ya ardhini yakiwa juu. Likichimbwa kiangazi litawaonyesha ardhi kavu ambayo tetemeko la msimu wa mvua halitaikuta. Mkishapata kina cha mwamba na kasi ya kila tabaka kwa viwanja vyote viwili, niandikieni namba hizo na vipimo vya bweni, nitawafanyia hesabu.